Mapeasi ya Mgeni Rasmi

Nilikwenda Nairobi mara ya kwanza ili kuokoa miti minane ya mapeasi, nikarudi nikiwa nimeshiriki maandamano. Nasema mapema ili mtu asije akanidhania kuwa nilikuwa na msimamo. Msimamo nilikuwa nao mmoja tu: miti ya Bibi isikatwe.

Miti yenyewe ilisimama nyuma ya nyumba yetu, juu ya Lushoto kama unaelekea Mlola, kwenye mteremko ambao ukiangusha sufuria unaikuta mtoni. Baba yake Bibi alikuwa mtunza bustani wa Wazungu wa zamani, na huko ndiko alikotoka na miche aliyoifunga kwa kitambaa kibichi. Akaipanda, akafa, akamwachia Bibi. Bibi aliujua kila mti kwa tabia yake. Mmoja alisema ni mvivu, mwingine ana hasira, na ule wa karibu na choo alisema ndio mcha Mungu kuliko yote, kwa sababu unazaa bila kulalamika.

Ilikuwa ile miaka ya mwanzo ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya mjini Lushoto, ambayo utotoni mwangu yaliuza viberiti na pole, sasa yalikuwa na sabuni za rangi tatu, redio za kaseti, na mitumba iliyonukia nchi ambazo hatutaziona. Kila mtu alikuwa mfanyabiashara au yuko njiani kuwa. Malori yalipanda kutoka Mombo kufuata kabichi na viazi. Mapeasi hayakufuatwa na mtu. Lori la ushirika lililokuwa likiyachukua zamani lilikuwa limeacha kuja, na msimu ule wateja wetu wakubwa walikuwa nyigu.

Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, ndiye aliyekuwa msemaji wa shamba. Alikuwa balozi wa nyumba kumi kwa miaka mingi, kiasi kwamba hata akiomba chumvi utadhani anasoma azimio. Alitaka ile miti itoke, pale pawe viazi na kabichi.

"Kabichi likikomaa, lori liko mlangoni," alisema. "Peasi likikomaa, nani yuko mlangoni? Nyigu."

"Na mimi, Baba," nikasema.

"Ndiyo. Wewe na nyigu."

Bibi hakubishana naye. Aliendelea kuchambua maharage kana kwamba inayozungumziwa ni miti ya jirani, lakini niliona anachambua yale yale mara ya pili. Hapo ndipo nilipojitolea.

Dereva mmoja wa lori la kabichi alikuwa amenieleza habari za mama mmoja wa Nairobi, muuza matunda, kwenye soko lililo karibu na stendi, lango la pili. Huyo mama, alisema dereva, anawauzia wenye hoteli, na mapeasi anayatafuta kama dawa. Hukosi kumwona kwa sababu jua liwake, mvua inyeshe, anavaa kofia ya sufu nyekundu. Mimi nilikuwa na elimu ya darasa la saba, uso wa kupendwa na watu (Bibi ndiye asemaye), na ndoto zisizo na idadi. Katika ndoto mojawapo nilikuwa tayari nina ofisi, na mlangoni pameandikwa Mapeasi. Baba mkubwa alikubali niende, kwa sharti ambalo kila mtu alilielewa: nikirudi na mnunuzi, miti inabaki. Nikirudi na hadithi, shoka.

"Na kwa hadithi," aliniambia, "nakujua."

Sasa, peasi kwetu huchumwa likiwa gumu. Ukilingojea liivie mtini linageuka unga. Bibi alilikata kwa ukucha wa dole gumba, kikonyo kikabaki juu yake kama mkia wa panya, akalilaza kwenye tenga juu ya majani makavu ya mgomba, moja moja, vikonyo vikitazama upande mmoja lisije moja likamtoboa mwenzake. Siku nne au tano humo ndani, na jiwe linakuwa asali. Juu kabisa alifunika matawi mabichi ili jua lisiyaharakishe. Alipomaliza, tenga lilionekana kama kichaka kidogo chenye mishikio.

"Mpe huyo mama mkononi mwake," alisema. "Asishike mtu mwingine."

Nilishuka Mombo, nikaenda Arusha, nikaenda mpakani. Pale ofisa aliinua matawi, akabonyeza peasi moja, akaniambia nipite na mawe yangu. Nairobi nilifika alfajiri. Abiria wenzangu walitetemeka kwa baridi, wakaapa kwa Mungu. Mimi, niliyezoea baridi ya milimani, nilijiona nimefika kwa shangazi.

Soko nililipata kwa kuuliza watu watatu, na lango la pili nililipata mwenyewe. Lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Hapakuwa na mtu wala tunda, ila jani moja la kabichi lililokanyagwa mpaka likawa kama karatasi. Nikatua tenga chini, nikakaa juu ya jiwe, nikaanza kujiuliza Baba mkubwa huwa analinoa shoka asubuhi au jioni.

Ndipo nikasikia nyimbo.

Walitokea kwenye kona, umati mkubwa, barabara nzima. Akina mama wenye aproni na leso viunoni, wanaume wa bucha na makoti meupe yaliyochafuka damu ya jana, wasukuma mikokoteni, wauza viatu. Wote wanaimba. Na karibu kila mmoja wao ameshika tawi bichi, analipunga juu.

Hapa lazima nieleze kidogo, nisije nikaonekana mjinga kuliko nilivyokuwa. Mimi maandamano niliyajua vizuri. Nilikuwa nimeandamana tangu darasa la kwanza. Kwetu kilichotangazwa redioni usiku, asubuhi tulikiunga mkono kwa miguu. Mgeni mkubwa akija, shule nzima ilisimama kando ya barabara na matawi mabichi tangu saa moja, na mgeni alifika saa nane, na tuliimba kana kwamba amewahi. Kilele chake, mwanafunzi mmoja alimkabidhi mgeni rasmi kapu la mazao ya wanakijiji. Nilipokuwa darasa la tano mwanafunzi huyo alikuwa mimi. Mwalimu alinifundisha wiki nzima: piga goti kidogo, mikono miwili, macho chini, sema maneno yako yote, kisha rudi nyuma hatua tatu bila kumpa mgeni mgongo. Siku ile nilisifiwa mpaka na watu wasionipenda.

Kwa hiyo nilipoyaona yale matawi, nilielewa papo hapo. Kuna mgeni rasmi. Nikaelewa na kwa nini soko limefungwa, na kwa nini mama yule hayupo langoni. Kila kitu kilikubaliana na kila kitu, na hakuna kinachompoteza mtu kama mambo kukubaliana.

Nao waliponiona nimesimama pale na tenga langu la majani, walielewa pia, kwa namna yao. Mwanaume mmoja wa bucha, mnene, mwenye sauti ya kipaza sauti, alinifungulia nafasi.

"Ingia, kijana, ingia! Umetoka wapi na msitu mzima?"

"Shikamoo, mzee. Nimetoka Lushoto, Tanzania."

"Tanzania!" Akageukia wenzake. "Nyinyi! Hata Tanzania wamekuja!"

Watu wakashangilia. Mtu mmoja akanipigapiga mgongoni. Sikuwahi kupokewa hivyo mahali popote, hata nyumbani, na hasa nyumbani. Nikabeba tenga kichwani, nikaingia safu.

Mabango yao yaliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo mimi nayo tuliagana darasa la saba bila kufahamiana. Nyimbo zilikuwa za lugha tatu au nne, zote ngeni kwangu, lakini makofi ni yale yale kila mahali, na pale penye kuitikia niliitikia "ooh" pamoja na wengine. Baada ya mwendo kidogo nikamwinamia yule wa bucha.

"Samahani, mzee. Mgeni rasmi anafika saa ngapi?"

Alinitazama. Akanitazama tena, akaona sitanii, akacheka mpaka akajifuta macho kwa koti.

"Ako njiani," alisema. "Anakuja na lori mbili."

"Mbili!"

"Zimejaa."

Nikaona fahari kwa niaba yao. Kwetu mkuu wa wilaya alikuja na Landrover moja, nayo tuliisukuma wakati wa kuondoka.

Hapo nikaiona kofia. Nyekundu, ya sufu, mbele kabisa ya msafara, ikipanda na kushuka kwa wimbo. Chini yake alikuwa mama mfupi, mpana mabega, anayeanzisha nyimbo. Ikiwa mnunuzi wetu ndiye kiongozi wa mapokezi, basi biashara imekwisha kabla ya kuanza. Nikaanza kupenya kwenda mbele, nikisema samahani mama, samahani kaka, tenga likigonga vichwa vya watu ambao hawakukasirika hata kidogo. Walidhani nina haraka ya kitu kingine.

Nilifika mstari wa mbele wakati malori yalipofika.

Waliruka chini askari wenye kofia za chuma na ngao, wakajipanga kuvuka barabara kutoka ukuta hadi ukuta. Nikasema moyoni, ulinzi mzuri. Wimbo ukakatika. Msafara mzima ukasimama, na katika ule ukimya akashuka mzee mmoja kutoka lori la kwanza, mrefu, mvi masikioni, nyota begani, kifimbo kwapani. Akasimama mbele ya askari wake, akatutazama.

Mgeni rasmi. Ni nani mwingine?

Nilingoja kidogo nione nani atamkabidhi zawadi. Hakuna aliyesogea. Niliangalia kulia, nikaangalia kushoto: wana matawi tu, hakuna aliyekuja na kapu. Watu wamejiandaa asubuhi nzima, wametunga nyimbo, wameandika mabango kwa Kiingereza, halafu wamesahau zawadi! Nikawaonea huruma. Nilifikiri aibu itakayompata mama yule mwenye kofia, aliye kiongozi wao, na nikafikiri pia, sitaficha, kwamba akiyaona mapeasi yangu mikononi mwa mkubwa, atayathamini zaidi. Nilikumbuka maneno ya Bibi, kwamba asishike mtu mwingine. Nikajiambia Bibi hakujua kutakuwa na mgeni.

Nikatoka peke yangu, nikavuka ile nafasi tupu.

Nyuma yangu nilisikia mama anaita, "Wewe! Kijana! Rudi hapa!" Halafu wanawake wengine wakapiga vigelegele. Baadaye nilikuja kuambiwa walidhani wameona ushujaa. Mimi nilidhani nimeona utaratibu.

Nikapiga goti kidogo. Mikono miwili, macho chini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," alisema. Lilimtoka kabla hajalizuia, na kwa mtu ambaye kazi yake ni kuzuia, nadhani lilimuudhi. Bila shaka alikuwa mtu wa pwani. Askari wawili waligeuza shingo kumtazama.

"Mheshimiwa mgeni rasmi," nikaendelea, kwa sauti ile ile ya darasa la tano, "sisi wakulima wa milima ya Usambara tunakukaribisha, na kwa unyenyekevu tunakukabidhi sehemu ndogo ya jasho letu."

Nikamwekea tenga miguuni. Nikarudi nyuma hatua tatu bila kumpa mgongo. Mwalimu wangu angelia machozi.

Yule mkubwa aliinua matawi kwa ncha ya kifimbo, polepole, kama mtu anayefunua nyoka. Akachukua peasi moja. Akalibonyeza. Akalipimapima mkononi.

"Hii ni jiwe?" aliuliza.

Askari wa karibu akainama. "Afande, naona ina mkia."

"Ni peasi, mzee," nikasema. "Halijaiva bado. Lifunike kwa majani siku nne. Ukilila leo halitakupa raha, utalaumu Lushoto bure."

Sijui aliwaza nini. Nimejaribu mara nyingi kuukumbuka uso wake na kila mara naukumbuka tofauti. Alinitazama mimi, akatazama umati, akatazama tena lile peasi, na kwa kitambo kidogo barabara nzima ilingoja mapeasi ya Bibi. Kisha akalirudisha mahali pake, kwa uangalifu, kikonyo juu.

"Weka kwa gari," alimwambia askari.

Tenga likainuliwa, likapandishwa lorini. Nilijawa furaha. Kisha mzee akapuliza filimbi.

Mabomu ya machozi sikuyajua. Nilidhani ni fataki. Nilipiga makofi, nakumbuka, mara mbili hivi, kabla pumzi haijakataa na macho hayajawaka kama yametiwa pilipili kichaa. Kila mtu akakimbia. Mkono ukanishika ukosi wa shati, ukaniburuta kwenye kichochoro, ukanisukumia nyuma ya mapipa ya duka fulani. Nikamwagiwa maji usoni, na leso yenye maji ikabandikwa machoni mwangu.

"Usisugue! Nimesema usisugue! Wewe ni mwendawazimu ama ni mtakatifu?"

Nilifungua jicho moja. Juu ya uso uliolowa machozi kulikuwa na kofia nyekundu.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Ati shikamoo! Unaenda kupigia polisi magoti, unawapa zawadi, na sisi tumetoka kukataa kufukuzwa! Nani alikutuma?"

"Bibi yangu."

Akakaa chini kwenye sanduku la chupa. Hapo ndipo nilipoelezwa, kidogokidogo, kati ya kikohozi na kikohozi. Soko lao lilikuwa linafungwa. Walikuwa wameambiwa wahamie nje ya mji, mahali pasipo na maji, barabara wala mteja, kwa sababu uwanja ule umepata mwenye matumizi mengine. Ndiyo maana waliandamana, na matawi yalikuwa ya kuonyesha wamekuja kwa amani. Hapakuwa na mgeni. Nilipomwambia nilidhani ni mapokezi, hakuamini, ikabidi nimweleze habari za matawi na ngonjera na Landrover.

"Kwani huko kwenu hamuandamani?"

"Tunaandamana sana."

"Kukataa nini?"

Nilifikiri kwa uaminifu. "Tunaandamana kukubali."

Alicheka mpaka gesi ikamrudia. Alijishika mbavu, akapiga mapipa kwa kiganja. Mimi nilianza kucheka naye, halafu nikakumbuka tenga, na kicheko kikageuka. Nililia kweli. Yeye alidhani ni moshi, akanipa leso tena.

"Si moshi, mama. Yale mapeasi yalikuwa yako."

"Yangu vipi?"

Nikamwambia yote: dereva wa kabichi, lango la pili, miti minane, Baba mkubwa, shoka. Alisikiliza ametulia, na sura ikambadilika ikawa ya mtu aliye kazini.

"Na mali yangu umempa askari."

"Ndiyo, mama."

"Sasa mimi nitanunua nini? Hewa?"

"Niulize," nikasema. "Niulize chochote juu yake."

Akaniuliza. Yana mchanga ndani au ni laini? Laini, isipokuwa ya mti wenye hasira. Mnatikisa mti? Hapana, Bibi atakufukuza. Mnachumaje? Kwa ukucha, moja moja, na kikonyo kinabaki. Hapo akanyoosha kidole.

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha kwa kidole chake mwenyewe, jinsi ukucha unavyoingia pale kwenye fundo, si juu yake, si chini yake. Alikaa akikitazama kidole.

"Wale wa kuniletea wananyofoa," alisema. "Inaoza kuanzia juu. Nimewaambia mpaka nimechoka." Akavuta pumzi. "Lete matenga mawili, niyaone. Lakini kijana, mimi sikudanganyi. Siwezi kukuahidi mahali sina. Wiki ijayo sijui nitauzia wapi. Ukikuta lango limefungwa, uliza tu. Mtu wa kofia, watakuonyesha."

Alininunulia chai na mkate, akaniweka kwenye basi yeye mwenyewe, akamwambia kondakta asiniache nimpigie goti askari yeyote.

Safari nzima ya kurudi nilikuwa napima nilichonacho. Mnunuzi asiye na kibanda. Je, huyo ni mnunuzi au ni hadithi?

Baba mkubwa alikuwa barazani. Nilimwamkia, nikakaa, nikaanza na yule mama, kwa sababu ndio ulikuwa ukweli wangu bora. Alisikiliza huku akitikisa kichwa.

"Hana soko."

"Kwa sasa, Baba."

"Mtu anafukuzwa na serikali yake, wewe unampelekea mapeasi." Akageuka kumtazama Bibi, aliyekuwa mlangoni na ungo. "Mama, umesikia? Kijana wetu ametuletea mkimbizi." Kisha kwangu: "Na tenga? Huyo mama alilichukua?"

"Hapana, Baba. Lilichukuliwa na afande."

"Afande gani?"

"Mkubwa wao. Mwenye nyota begani."

Baba mkubwa akanyoosha mgongo. "Ngapi?"

"Sikuhesabu, zilikuwa zinang'aa. Alikuwa na malori mawili ya askari."

"Ulimpa wewe mwenyewe? Kwa mkono wako?"

"Kwa mikono miwili. Nilipiga goti."

"Akasemaje?"

"Akasema, weka kwa gari."

Niliona jambo kubwa linapanda usoni mwa Baba mkubwa.

"Alilipa?"

"Hakulipa, Baba."

"Ahaa!" Akapiga paja. "Mkubwa halipi! Mkubwa akipenda kitu anakichukua. Mimi nimekaa na viongozi, nawajua. Asiyependa ndiye anayeuliza bei." Akasimama, akaenda hadi ukingo wa baraza, akaitazama ile miti kana kwamba imepata cheo. "Yule anaweza kurudi kuulizia. Au kuandika barua. Sasa aandike barua, akute viazi?"

Nilifungua mdomo nimweleze filimbi na moshi. Bibi, pale mlangoni, alinitazama mara moja tu. Nikaufunga.

Kufikia jioni kila nyumba hadi bondeni ilikuwa imeshasikia kwamba serikali ya Kenya imepokea mapeasi yetu. Watu walikuja kunipa mkono. Mzee mmoja aliniuliza kama nao wanataka na karoti.

Bibi nilimweleza yote jikoni, bila kupunguza, wakati anakoleza moto. Hakucheka palipochekesha. Aliuliza kama wale akina mama walipewa nafasi ya kuondoa vitu vyao kabla ya moshi.

"Hapana, Bibi."

"Na wewe umekuja kukaa hapa?"

Asubuhi nilimkuta yuko mtini, ule wa hasira ameuruka, anakata kwa ukucha. Matenga mawili yalikuwa tayari yametandikwa majani. Baba mkubwa alipita na jembe begani, akasimama, akaridhika.

"Moja la afande," alisema, "moja la huyo mkimbizi."

Bibi alimjibu kwa Kishambaa, neno moja, ambalo Kiswahili chake nakijua lakini sikiandiki.

Mama wa kofia nyekundu nilimpata Nairobi siku iliyofuata. Soko lilikuwa limezungushiwa mabati, na yeye alikuwa upande wa pili wa barabara, ametandika gunia ukutani mwa karakana, machungwa na ndizi zake zimepangwa kwa mistari iliyonyooka kama bado ana kibanda. Wenzake walikuwa wamepanga vivyo hivyo hadi mwisho wa ukuta. Hakunisalimia. Aliinua matawi, akatoa peasi, akakitazama kikonyo, akalinusa, akatoa jingine la chini kabisa, la kunikamata nalo, nalo akalitazama kikonyo. Alifika mpaka mwisho wa matenga yote mawili.

"Mwambie huyo mzee wenu asikate," alisema. "Kila wiki. Nikihamishwa hapa, utaniulizia."

Nimemuulizia mara nyingi tangu siku hiyo. Amehamishwa mara nne, nami namfuata na matenga, na miti ipo yote minane, hata ule mvivu.

Lakini usimwambie Baba mkubwa kwamba aliyeiokoa ni huyu mama. Siku ile ile niliyorudi kutoka safari ya pili, nikiwa bado sijaketi, alinifuata mpaka kwenye mtungi wa maji.

"Afande umemwona?"

"Nimemwona, Baba. Kwa mbali." Na ulikuwa ukweli. Alikuwa amesimama mbele ya mabati ya soko na kifimbo chake.

Baba mkubwa akasogea karibu, akapunguza sauti.

"Alikuwa anatafuna?"

"Sikuona vizuri, Baba," nikasema. "Lakini mdomo ulikuwa unacheza."